Kubadilisha valvu ya kupumulia injini kwenye Nissan Hardbody ya zamani

Kwa miezi kadhaa pikapu yangu, Hardbody yenye injini ya Z24 ya petroli na kabureta, ilikuwa ikila oili, chujio la hewa likilowa, na sili ya nyuma ya injini, inayozuia oili isivuje, ikivuja ingawa ilikuwa haijamaliza mwaka tangu ibadilishwe. Mafundi wawili walinishauri nifungue injini niweke ringi mpya za pistoni. Wa tatu, ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe huko Ilala, alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akatazama jinsi moshi ulivyosukumwa nje, kisha akaniuliza ni lini nilibadilisha valvu ya kupumulia. Sikujua hata kama ipo.

Gesi inayopenya kando ya pistoni hushuka kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, na kazi ya valvu hiyo ni kuiruhusu ivutwe irudi kwenye manifoldi, bomba linaloingiza hewa na petroli kwenye injini, ikaungue. Ikiziba, gesi hutafuta njia nyingine, na sili ndizo huumia.

Tatizo ni mahali ilipo: imekazwa kwa nyuzi kama skrubu upande wa chini wa manifoldi, ambako mkono haufiki na jicho halioni. Fundi aliinyunyizia dawa ya kutu akaiacha usiku kucha, asubuhi akatoa gurudumu la mbele na kuifikia kwa chini, akiihofia zaidi manifoldi yenyewe, kwa kuwa ni ya aluminiamu na nyuzi zake huharibika upesi. Ilimchukua saa tatu. Valvu ya zamani, alipoitikisa, haikutoa mlio wowote, wakati iliyo nzima hugonga ndani. Ilikuwa imeganda kwa masizi.

Kasoro ilitokana na mimi kubana matumizi. Kwenye duka la vipuri mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, niliuziwa valvu ya bei nafuu ambayo nyuzi zake zilikubali vizuri, lakini ilipofungwa, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilipanda na injini ikawa inatetemeka, kwa sababu tundu lake lilipitisha hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Valvu hizi hufanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani, jambo ambalo muuzaji hakuona haja ya kulitaja. Nilirudi na ile ya zamani mkononi pamoja na namba ya injini, nikanunua nyingine kwa bei karibu mara tatu, na kazi ikarudiwa upya. Fundi hakunitoza mara ya pili, ingawa alikuwa na kila haki.

Lawama yangu kwake ni moja: alitaka kuiunganisha valvu kwa hozi ya maji ya kawaida, ambayo mvuke wa oili huilainisha hadi ikajikunja na kuziba kabisa. Nilisisitiza tutafute hozi inayostahimili oili, naye akakubali baada ya ubishi mfupi.

Sasa ni mwezi wa tatu. Chujio la hewa ni kavu na sailensa imetulia. Sili ya nyuma bado inadondosha kidogo, maana ilikwisha kuharibika, na hiyo nitampelekea fundi huyohuyo.