Anki, moyo wa ng'ombe na Baiolojia ya kidato cha sita

Nimesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hapa Tanzania anayetaka udaktari anajua kwamba matokeo ya masomo hayo matatu ndiyo mlango wenyewe. Mwili wa binadamu ndio ulikuwa unaniliza. Nefroni, kile kichujio kidogo ndani ya figo, niliyoisoma Jumatatu, ikifika Ijumaa imeshayeyuka kichwani.

Likizo ya Desemba kaka yangu akaniwekea Anki kwenye simu. Ni programu ya kadi: unaona swali, unajibu kimoyomoyo, kisha unafunua. Kila ukipata, kadi inakaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudi. Ukikosa, utakutana nayo leoleo. Ya Android na ya kompyuta ni bure, ya iPhone ndiyo inanunuliwa. Na kadi zako zikishakuwamo, huhitaji bando.

Kosa langu la mwanzo: nilipakua fungu la kadi la mtu mwingine, maelfu kwa maelfu, mifupa yote 206 na majina yake. Wiki mbili zikaenda. Nikaanza kuandika zangu. Nilipiga picha mchoro wa moyo daftarini, nikafunika majina, nikawa nayataja moja moja. Nikaongeza kadi za "kwa nini". Kwa nini ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Kwa sababu kushoto kunasukuma damu mwili mzima, kulia kunaipeleka mapafuni tu. Nilikuwa nalijibu kama kasuku.

Mpaka siku nilipotumwa bucha. Nikaomba moyo wa ng'ombe mzima, usipasuliwe. Nyumbani nikautia kidole kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, kikatokea ndani ya ventrikali ya kushoto. Nikaupasua: upande wa kulia kisu kilipita upesi, wa kushoto nilikandamiza kwa mikono miwili. Ndani kuna nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali zisipinduke. Nilizivuta kwa nguvu, hazikukatika. Mama naye akazishika kabla hatujaupika. Kadi nilizoandika usiku ule sijazikosa hata mara moja.

Kwa insha, Anki haitoshi. Kueleza figo inavyochuja damu kwa ukurasa mzima kunataka kalamu na pepa za miaka ya nyuma. Mimi nilizipa kadi dakika 20 kila asubuhi, nikiwa kwenye daladala. Usiruke siku, maana zinalundikana, na lundo la kadi 300 linakatisha tamaa kweli.