Uzoefu wangu: nilibadilishiwa kampuni ya dawa ya thairoidi, mkono ukaanza kutetemeka

Mimi ni mchoraji wa hina, Mji wa Kale wa Mombasa. Nalitanguliza hilo kwa sababu kilichonijulisha kwamba dawa imenigeukia haukuwa moyo wala usingizi, ulikuwa mkono. Bi harusi amekaa mbele yangu, kiganja amekikunjua, na kila nikishusha koni nitie ua, mstari unakwenda upogo. Miaka yote ninayochora halijawahi kunipata hilo.

Nina ugonjwa wa thairoidi, ile tezi ya shingoni, mwaka wa sita huu, ule wa tezi kuwa mvivu isitoe homoni ya kutosha. Tangu nianze nilikuwa nameza levothairoksini, vidonge vya kuijazia homoni hiyo, vya kampuni moja: kichupa cha plastiki, vidonge 100 ndani yake. Nilianza na mikrogramu 75, halafu mwaka juzi kipimo kikaonyesha hazinitoshi, nikapandishwa hadi 100. Liwekeni akilini hilo la kupandishwa, nitalirudia.

Mwishoni mwa Shaabani nilikwenda duka la dawa ninalonunua siku zote nikapewa kiboksi, vidonge vimo kwenye karatasi ya kubonyeza, jina jengine kabisa. Nikauliza. Kijana akanijibu, "Ni ile ile mamangu, levothairoksini ni levothairoksini, kampuni tu ndiyo nyengine. Tena hii ni rahisi." Kweli ilikuwa rahisi, shilingi 250 zilibaki mkononi. Nikamshukuru, nikapanda tuktuk zangu.

Wiki mbili za mwanzo, salama. Ya tatu ndiyo moyo ukaanza. Nikisimama tarawehe nausikia ukidunda hadi masikioni, na nikilala ndiyo kabisa, kama mtu anabisha hodi kifuani. Nikasema ni saumu. Jasho nalo sikulitilia maanani, maana Mombasa mwezi wa tatu, kabla kusi haijaanza kuvuma, nani hatoki jasho? Mpaka siku moja tumekaa Mama Ngina usiku, upepo wa bahari unapiga, wenzangu wamejitanda mitandio, mimi mgongo umelowa chapachapa.

Kilo zilikuwa zinateremka na watu wananisifu. "Umependeza, unakula nini siku hizi?" Nala mahamri kama kawaida! Mama mkwe akasema hilo ni jicho, akaniletea kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Nilikunywa, sikumkatalia. Lakini nywele zilipoanza kubaki kwenye kitana, na lile ua la bi harusi likaharibika, nikaenda kwa daktari siku ya pili yake.

Kipimo cha TSH, kile cha damu cha kuangalia tezi, nilikilipia mwenyewe, shilingi 1,500. Kawaida yake ni baina ya 0.4 na 4. Yangu ilikuwa 0.08. Kwa wasiojua, namba hii hwenda kinyume: ikishuka hivyo maana yake homoni imezidi mwilini. Yaani mimi niliyekuwa na tezi mvivu sasa nilikuwa naishi kama mwenye tezi inayokimbia mbio.

Nilikwenda pale nimejiandaa kuitukana kampuni mpya. Daktari akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Ile chupa ya zamani ulikuwa unaiweka wapi?"

Jikoni, kabati la juu ya jiko. Ndipo ninapoweka kila kitu nisichotaka watoto wakifikie.

Akatikisa kichwa. Dawa hii, akaniambia, haipatani na joto, mwangaza wala unyevu. Maboksi mengi huandika iwekwe chini ya nyuzi 25, na nyumba zetu za hapa bila ya ac, msimu wa joto hazifiki huko hata alfajiri. Chupa ya vidonge 100 unaifungua na kuifunga miezi mitatu na zaidi, kila siku unaingiza mvuke wa wali wa nazi. Huenda vidonge vyangu vilikuwa vimepungua nguvu muda mrefu, ndiyo sababu nikapandishwa hadi 100. Kisha zikaja hizi mpya, kila kimoja kimefungwa kwenye kijumba chake, nguvu zake kamili, nami nameza kipimo kilichopandishwa kufidia vidonge vilivyochoka. Hakusema ni yakini, chupa ilikwisha na hakuna cha kupima. Alisema pia kampuni na kampuni hazilingani sawasawa, vitu vinavyochanganywa kukifanya kidonge vinaweza kubadilisha namna mwili unavyokifyonza, na kwa dawa hii tofauti ndogo tu inatosha kumuyumbisha mtu.

Akanitajia ya Ufaransa. Mwaka 2017 dawa ya thairoidi inayoitwa Levothyrox ilibadilishwa mchanganyiko: laktosi ikatolewa, ikatiwa manitoli na asidi ya sitriki. Homoni yenyewe haikuguswa, na shabaha ilikuwa kidonge kidumu na nguvu zake vizuri zaidi. Maelfu ya watu wakalalamika, uchovu, kizunguzungu, nywele kutoka, mpaka mwaka huohuo dawa ya zamani ikarudishwa kwa muda. Nilifarijika kusikia, maana nyumbani nilishaanza kuambiwa nina wasiwasi.

Sikurudi kwa kampuni ya zamani. Nimebaki na hii mpya, nimeshushwa hadi mikrogramu 75, boksi liko chumbani ndani ya mkoba, mbali na jiko. Dawa hii hutoka mwilini polepole, nusu yake huchukua kama wiki nzima, kwa hivyo moyo haukutulia siku ile. Ilikuwa kama mwezi ndipo nikalala usiku mzima. Wiki ya saba nikapima tena: 2.3. Namna ya kumeza sikubadilisha, maji matupu na tumbo tupu, chai na mahamri baada ya saa nzima. Vidonge vya damu nimevisogeza jioni, kwani madini ya chuma yakikutana na dawa hii tumboni huizuia isifyonzwe, inatakiwa wapishane kwa muda wa saa nne. Ramadhani yote nilikuwa naamka saa tisa za usiku kumeza, kisha daku saa kumi. Mume wangu aliichukia ile kengele ya simu kuliko nilivyoichukia mimi.

Kinyongo changu kimebaki kwa duka la dawa. Kubadilisha si kosa, pengine ile nyengine ilikuwa haipatikani. Lakini kijana angeniambia maneno machache tu, "baada ya wiki sita nenda ukapime", ningejua dawa inaweza kunigeukia, nisingepoteza Ramadhani nikidhani ni saumu. Nilirudi kumweleza. Akasema pole, na akasema wateja wengine hawajalalamika. Nikamuuliza wangapi wamepima. Akaenda kumhudumia mtu wa dawa ya kikohozi.

Dawa mpya naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ile karatasi ya maelezo ndani ya boksi haina Kiswahili hata mstari mmoja, na herufi zake ni za kusomea darubini. Duka la dawa naipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya feni yao.