Uzoefu wangu na NVDA, programu ya kusoma skrini iliyotengenezwa na wasioona

Ninahariri maandiko ya Kiswahili, sioni tangu utotoni, na kazi yangu yote hupitia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ya kompyuta ya Windows. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye baadaye aliungana na James Teh, wote wawili wasioona, wakati ambapo programu za aina hiyo ziliuzwa kwa bei iliyowashinda wengi wetu.

Mkono wa watu wanaoitegemea wenyewe unaonekana katika mambo madogo. Kitufe cha Control hunyamazisha sauti papo hapo. Herufi H hunirusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwenye ukurasa wa tovuti, hivyo silazimiki kusikiliza matangazo yote ndipo niifikie habari. Isitoshe, NVDA huwekwa kwenye flashi na kutumika katika kompyuta ya mtu mwingine bila kusakinishwa.

Wenzangu wanaoona hushangazwa zaidi na kasi. Sauti ya eSpeak NG, inayokuja na programu hii na inayosoma Kiswahili, ni kavu na ya kimashine, wala sitamlaumu anayesema inakera. Hata hivyo, wengi wetu huipendelea kuliko sauti laini za kisasa, kwa sababu huitika mara tu kitufe kinapobonyezwa na hueleweka hata ikiharakishwa mno. Jirani yangu ofisini husikia mchakacho tu, ilhali mimi nimeshamaliza aya nzima na kunasa koma iliyowekwa pasipostahili, kwa kuwa nimeiagiza itaje kila alama ya uandishi.

Kasoro zipo. Neno la Kiingereza likijitokeza katikati ya waraka wa Kiswahili, aghalabu husomwa kwa matamshi ya Kiswahili, japo kamusi ya matamshi iliyomo humo huniwezesha kurekebisha yanayojirudia. Usumbufu mkubwa zaidi ni barua za ofisi zinazotumwa zikiwa picha. Nikibonyeza Insert na R maandishi hutambuliwa, lakini pale muhuri ulipoangukia sahihi au tarehe hutoka herufi zisizo na maana. Teknolojia hiyo ya kutambua maandishi kwenye picha yenyewe ina deni kwa wasioona: mashine ya mvumbuzi Mmarekani Ray Kurzweil ya mwaka 1976, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na shirikisho la wasioona la Marekani, ilikusudiwa kuwasomea vitabu.

Anayeanza asikimbilie kasi. Aongeze kidogo kidogo, na azizoee kwanza amri za kibodi.