Pikapu ya haibridi au ya petroli? Nilivyozipanga kwa wanaonunua Marekani

Mwezi huu watu wawili wamenipigia simu wakiwa yadi, karatasi ya bei mkononi, na swali lao lilikuwa moja: nichukue ya haibridi au ya petroli tupu? Wa kwanza ni dada anayesafisha maofisi usiku hapa Houston. Anazunguka majengo sita au saba kabla ya alfajiri, na mzigo wake ni ndoo, vifyonza vumbi na maboksi ya sabuni. Wa pili ni kaka anayevuta tela la mashine za kukatia nyasi kutwa nzima. Dada nilimwambia achukue haibridi bila kusita. Kaka nilimwambia abaki na petroli. Sababu iliyonipa majibu hayo mawili ni moja, na nitaieleza kabla sijazipanga gari zenyewe.

Haibridi ninazozizungumzia hazichomekwi ukutani. Zina injini ya petroli, mota ya umeme na betri ya wastani. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa dainamo, na nguvu ambayo ingeishia kuwa joto kwenye pedi za breki inarudi kwenye betri. Taa ikiwaka kijani, umeme huohuo ndio unaokuondoa. Akiba basi inapatikana kwenye kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Aliyewahi kuendesha Toyota Aqua kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, anajua: gari limesimama, injini kimya, kiyoyozi kinaendelea, mshale wa mafuta haushuki. Lakini ukiwa barabara kuu kwa maili 70 kwa saa hakuna breki, kwa hiyo hakuna cha kurudisha betrini. Injini inabeba kazi karibu yote, na wewe unabeba uzito wa betri juu yake.

Tazama Ford Maverick, kwa sababu ndiyo pikapu inayoonyesha jambo hili waziwazi. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Maverick ya haibridi ya 2022 hadi 2024 inakwenda maili 42 kwa galoni mjini na 33 barabara kuu. Ndugu yake ya petroli, lita 2.0 yenye turbo, inayovuta kwa magurudumu ya mbele, inakwenda 23 mjini na 30 barabara kuu. Chukua maili 15,000 kwa mwaka na petroli ya dola 3 kwa galoni. Ukiziendesha zote mjini, haibridi inakuokolea galoni 295 hivi, karibu dola 885. Ukiziendesha zote barabara kuu, inakuokolea galoni 45, dola 135. Gari ni lilelile na bei ya mafuta ni ileile. Kilichobadilika ni njia unayopita kila siku.

Ndiyo maana kabla hujaenda yadi nakuomba uandike wiki moja ya safari zako kwenye daftari: umetoka wapi, umefika wapi, mjini au barabara kuu, umebeba nini, umevuta nini. Siku saba tu. Usikadirie kichwani, maana sote tunaikumbuka ile safari moja ya kwenda Dallas na kusahau safari kumi za kwenda dukani na kanisani.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalielezi: haibridi za pikapu si za aina moja. Ya Maverick ni ya ukoo wa Toyota Prius, ile haibridi ndogo inayojulikana kwa kubana mafuta. Ina injini ya lita 2.5 isiyo na turbo, na giaboksi yake ni seti ya gia zinazozungukana pamoja na mota za umeme, bila mkanda wa kuchakaa kama ule wa CVT za kawaida, yaani giaboksi zisizo na gia za hatua. Nguvu yake kwa jumla ni farasi 191. Imetengenezwa kubana mafuta. Ile ya Ford F-150, wanayoiita PowerBoost, na ile ya Toyota Tundra na Tacoma, wanayoiita i-FORCE MAX, ni habari nyingine. Pale mota imebanwa katikati ya injini ya turbo na giaboksi ya kawaida, na kazi yake kubwa ni kuongeza msukumo. PowerBoost ina farasi 430. Tundra ya haibridi ina 437. Ni gari zenye nguvu sana, lakini anayezinunua akitarajia akiba ya Prius atavunjika moyo kwenye pampu ya kwanza. Ukiona pia neno eTorque kwenye pikapu ya Ram 1500, ule ni usaidizi mdogo wa volti 48. Kazi yake ni kuizima na kuiwasha injini kwenye taa na kuisaidia kidogo, wala hauwezi kuliendesha gari kwa umeme peke yake. Usilipie kana kwamba ni haibridi kamili.

Sasa mpangilio wangu. Nimepanga kwa kuangalia mnunuzi wa kawaida ninayemfahamu: anaendesha kwenda kazini, ana familia, anabeba mzigo wa kazi, na mkopo wa gari anaulipa kwa jasho.

Ya kwanza: Ford Maverick ya haibridi

Kwa anayekaa mjini hakuna inayoikaribia. Inabeba pauni 1,500, na hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani wakiitazama ilivyo ndogo. Bodi lake ni fupi, futi 4 na nusu, kwa hiyo godoro kubwa litachomoza nje. Udhaifu wake halisi ni tela: haibridi za 2022 hadi 2024 zinavuta pauni 2,000 tu, na zote ni za magurudumu ya mbele. Kuanzia 2025 unaweza kuipata haibridi inayovuta kwa magurudumu manne, na ukiongeza kifurushi cha kuvutia tela inafika pauni 4,000. Ilipotangazwa 2021 ilianzia chini kidogo ya dola 20,000. Bei hiyo imeshapotea, na iliyotumika nayo haishuki haraka. Mwaka 2024 haibridi ilikuwa nyongeza ya dola 1,500 juu ya petroli. Kwa dada wa maofisini, pesa hiyo inarudi ndani ya miaka miwili.

Ukinunua iliyotumika ya 2022 au 2023, hakikisha imefanyiwa matengenezo ya marejesho, yaani yale ambayo kampuni inayaita magari yake yarudi kurekebishwa kasoro. Ford ilizirudisha haibridi hizi za lita 2.5 kwa sababu injini ikivunjika, mafuta na mvuke vinaweza kuvuja na kushika moto. Chukua namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ni bure, na utaona kama kuna kazi haijafanywa. Fanya hivyo kwa gari lolote hapa chini pia.

Ya pili: F-150 ya petroli, V6 ya lita 2.7 yenye turbo

Hii ni kwa mwenye kazi ya pikapu kubwa kwelikweli: tela, mbao, saruji, watu watatu na vifaa vyao. Ina farasi 325, na ya magurudumu manne inapata wastani wa maili 21 kwa galoni. PowerBoost ya kwanza ya magurudumu manne ilipimwa 24. Kwa maili 15,000 tofauti hiyo ni galoni 90 kwa mwaka, dola 270. Weka karatasi mbili za bei mezani, gari zenye daraja moja la vifaa, utoe moja kwenye nyingine, kisha ugawanye kwa 270. Nikifanya hesabu hiyo kwa bei ninazoonyeshwa na watu, mara nyingi mkopo unakwisha kabla haibridi haijajilipa. Na hapo sijaongeza riba, wala bima ya gari la bei ya juu zaidi.

Ya tatu: F-150 PowerBoost, kwa ajili ya umeme wake

Nimeiweka hapa kwa sababu moja ambayo haimo kwenye hesabu ya mafuta. Gari hili ni jenereta. Kila PowerBoost inatoa kilowati 2.4 kwenye soketi za nyuma, na ukichagua nyongeza inatoa 7.2, pamoja na soketi ya volti 240. Seremala, mchomeleaji, mwenye kuuza chakula mnadani, wote wanajua jenereta ya ukubwa huo inauzwaje na inapiga kelele vipi.

Februari 2021 baridi ilipoangusha umeme wa Texas, nyumba yetu ilikaa gizani. Tulilala watu wanne kwenye chumba kimoja tumevaa makoti. Siku hizo wenye F-150 hizi waliwasha friji na hita za nyumba zao kutoka kwenye gari, na Ford yenyewe iliwaomba wauzaji wake wa Texas waazimishe karibu pikapu 400 walizokuwa nazo. Nilipoliona hilo nilielewa kwa nini mtu angelipa zaidi. Ila gari libaki nje, mbali na mlango na dirisha. Injini inawaka na kuzima yenyewe kujaza betri, na moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Dhoruba ileile iliua watu majumbani kwa hewa hiyo.

Ya nne: Toyota Tacoma ya petroli

Kwa anayetaka ukubwa wa kati na jina linalouzika hata likiwa kuukuu. Tacoma iliyoanza 2024 ina injini ya lita 2.4 yenye turbo, na ya petroli inavuta mpaka pauni 6,500. Haibridi yake ina msukumo mkubwa zaidi lakini inavuta pauni 6,000, na mafuta inayookoa ni kidogo mno. Ni tamu kuendesha, sikatai, hasa kwenye mchanga na milima. Kwa hesabu ya pesa sioni sababu.

Ya mwisho: Toyota Tundra ya haibridi

Ya magurudumu manne inapata wastani wa maili 20 kwa galoni, na ya petroli 19. Galoni 39 kwa mwaka, dola 117. Mtu asikwambie unanunua akiba. Kuna jambo moja la haki ninalopaswa kulisema upande wake: mwaka 2024 Toyota ilirudisha magari yapatayo 102,000, Tundra za 2022 na 2023 pamoja na Lexus LX, kwa mabaki ya chuma yaliyosalia ndani ya injini kiwandani, na marejesho hayo yalihusu zile zisizo za haibridi. Ukinunua Tundra ya petroli ya miaka hiyo, uliza karatasi za kazi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu betri, hofu ni kubwa kuliko tatizo. Toyota inaidhamini betri ya haibridi zake kwa miaka 10 au maili 150,000. Ford inazidhamini sehemu za haibridi kwa miaka 8 au maili 100,000. Kinachonitia wasiwasi mimi ni fundi. Ukifungua boneti utaona nyaya nene za rangi ya machungwa. Hizo zina volti za kuua, na fundi wa uani asiyefunzwa asiziguse. Kama unategemea ndugu anayekutengenezea gari Jumamosi kwa bei ya undugu, na hajawahi kusomea haibridi, liweke hilo kwenye hesabu.

Usidanganyike pia na punguzo la kodi. Ile dola 7,500 ya serikali kuu kwa magari ya kuchomeka haikuwahi kuzihusu haibridi hizi zisizochomekwa, na yenyewe ilikwisha tarehe 30 Septemba 2025. Na kwa anayefikiri ataitumia miaka michache kisha aisafirishe nyumbani Kenya: magari ya usukani wa kushoto hayasajiliwi kule isipokuwa kwa ruhusa maalumu, na yaliyozidi miaka 8 hayapokelewi.

Nirudi kwa kaka wa mashine za nyasi. Alikuwa ameipenda PowerBoost, viti vya ngozi, kioo kikubwa kama televisheni. Nikamwomba afungue mlango wa dereva anisomee stika ya njano na nyeupe iliyo kwenye nguzo ya mlango, pale panapoandikwa watu na mizigo kwa pamoja visizidi kiasi gani. Akasoma: pauni 1,385. Tela lake likijaa lina pauni 6,000, na asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo inakandamiza ndoano, yaani pauni 600 mpaka 900, na huo wote unahesabiwa kwenye stika. Yeye na vijana wake wawili ni pauni 600. Sanduku la vifaa na madumu ya petroli ni 150. Hata tela likikandamiza kidogo kabisa, anabakiwa na pauni 35. Likikandamiza kawaida, amezidisha kabla hajatoka getini.

Akavuka yadi mpaka kwenye F-150 ya kazi, lita 2.7, viti vya kitambaa, vioo visivyo na mapambo. Nikamsikia akifungua mlango na kuinama. Stika ilisema 1,790.