Miezi minane na rafu ya filamu za Ugiriki na Kupro: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa Dar es Salaam. Kitchen party, send-off, ndoa yenyewe, na kila Ramadhani ikiisha huja msururu wa ndoa unaoninyima usingizi. Kompyuta ikishaanza kutoa faili refu, mimi hukaa kando natazama filamu kwenye simu. Ndivyo nilivyojiunga na huduma ya filamu za mtandaoni kwa malipo ya mwezi, na miezi minane sasa karibu sitazami kitu kingine ila kazi za Wagiriki na Wakupro. Jina la huduma naliacha, maana kasoro nitakazozitaja nimezikuta pia kwenye huduma nyingine mbili nilizozijaribu.

Malipo kwanza. Kadi ya benki ilikataliwa mara mbili, nikatumia kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu ikapita papo hapo. Ubora wa picha unaweza kuushusha ili kuokoa bando, na filamu unaweza kuipakua usiku ukaitazama kesho yake kwenye daladala. Hapo sina neno. Maandishi ya tafsiri yako kwa Kiingereza tu, kwa hiyo mama, ambaye hupenda kukaa nami jioni, ilibidi nimsimulie huku picha ikienda.

Tulianza na Kynodontas ya mwongozaji Mgiriki Yorgos Lanthimos, ya mwaka 2009, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Dogtooth. Neno lenyewe la Kigiriki maana yake ni chonge. Baba na mama wamewafungia watoto wao watatu, watu wazima tayari, ndani ya uzio wa nyumba, na wamewaambia kwamba mtu huwa tayari kutoka nje siku chonge lake litakapong'oka. Ili dunia isipenye hata kwa njia ya maneno, wazazi wameyabadilisha maana: bahari ni kiti cha ngozi chenye mikono ya mbao, na zombi ni ua dogo la manjano. Niliposoma tafsiri hiyo mara ya kwanza nilisimamisha filamu nikairudisha nyuma, nikidhani mfasiri amekosea. Mama akaniuliza hao wazazi wanaogopa nini hasa. Swali hilo halikunitoka kichwani wiki nzima.

Sasa jambo ambalo huduma hii inalikosea. Ukifungua ukurasa wa Lanthimos, inakusukumia kwanza The Favourite ya 2018 na Poor Things ya 2023, zile zenye Olivia Colman na Emma Stone na Oscar zao. Ni filamu nzuri, sibishi. Lakini ukianzia hapo unamwona mtu aliyekwisha kufika, na njia aliyopita huioni. Mimi nilipanga upya kwa miaka: Kinetta ya 2005, Kynodontas, Alps ya 2011, kisha The Lobster ya 2015, filamu yake ya kwanza ndefu kwa Kiingereza, na kuendelea. Ukifuata hivyo, unaanza kuona mikono ileile ikirudi.

Mkono ulionigusa kuliko yote ni wa Yorgos Mavropsaridis, mhariri. Amekuwa na Lanthimos tangu Kinetta, filamu ndogo ambayo watu wachache waliiona, hadi Poor Things iliyoshinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Aliteuliwa kuwania Oscar ya uhariri kwa The Favourite na tena kwa Poor Things. Mimi nakata picha kila siku, kwa hiyo nilikuwa namtafuta yeye kila filamu. Katika zile za mwanzo anamwacha mhusika kwenye picha hata baada ya maneno kuisha, mpaka wewe mtazamaji unaanza kuona aibu badala yake. Katika The Favourite kuna mahali picha moja inayeyukia nyingine polepole sana, nyuso mbili zikikaa pamoja kwa muda ambao mteja wangu yeyote angenipigia simu kuuliza kama video imeharibika. Nimeijaribu kwenye video ya ndoa ya Kigamboni, bibi harusi akiwa anamwangalia baba yake. Familia waliipenda.

Halafu yuko Athina Rachel Tsangari, mwongozaji na mtayarishaji wa kike. Huduma imemweka kama mtu wa pembeni, wakati bila yeye hadithi ya Lanthimos haisimuliki. Alisomea filamu Austin, Texas, akarudi nyumbani, akawa miongoni mwa watayarishaji wa Kinetta na Kynodontas. Alipotengeneza Attenberg mwaka 2010, Lanthimos akaja kumwigizia kama mhandisi anayepita mjini, na kamera ikashikwa na Thimios Bakatakis, yuleyule aliyepiga Kynodontas. Ariane Labed, aliyeigiza binti ambaye ndiye mhusika mkuu, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike Venice kwa filamu hiyo. Msaidizi wa mwongozaji kwenye Kynodontas, Christos Nikou, naye akaja kutoa yake mwenyewe, Apples, mwaka 2020. Leo wewe mwongozaji, kesho mwigizaji wa mwenzio, keshokutwa mtayarishaji wake. Fedha zilikuwa hakuna: mwaka 2010 Ugiriki iliingia kwenye mikopo ya masharti magumu, na mwezi Juni 2013 serikali ikalifunga shirika la utangazaji la ERT, ambalo lilikuwa miongoni mwa wafadhili wa filamu. Kabla ya hapo, mwaka 2009, waongozaji wenyewe waligomea tamasha la Thessaloniki kudai sheria mpya ya filamu, na kutokana na mgomo huo wakaunda akademia yao ya filamu, chombo cha kutoa tuzo. Waandishi wa nje wakaja kuliita kundi hili "wimbi la ajabu". Huduma nayo imelibandika jina hilo juu ya rafu. Silipendi. Linamfanya mtazamaji asubiri vituko, na Attenberg ni filamu ya binti anayemuuguza baba yake. Baba, msanifu majengo, anataka mwili wake uchomwe moto, jambo ambalo wakati ule halikuwezekana Ugiriki, kwa hiyo binti anaanza kuulizia gharama za kuusafirisha nje. Mji wenyewe ni Aspra Spitia, nyumba nyeupe zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha alumini.

Hapo ndipo nilipopata tatizo kubwa kuliko yote. Nilikuwa kama dakika arubaini ndani ya Attenberg umeme ukakatika. Kesho yake filamu haipo. Haki za kuionyesha zilikuwa zimeisha usiku uleule. Onyo lilikuwepo, maandishi madogo ya kijivu chini kabisa ya ukurasa, nami sikuyaona. Ikarudi baada ya miezi miwili. Kwa hiyo ukijiunga, shuka hadi chini ya kila ukurasa kabla ya kuanza, na zile zinazokaribia kuondoka uzitazame kwanza.

Lakini malalamiko yangu ya kweli ni Kupro.

Chini ya jina la nchi hiyo nilikuta filamu mbili tu. Moja ni Smuggling Hendrix ya Marios Piperides, ya 2018, iliyoshinda tuzo kuu ya filamu za kimataifa kwenye tamasha la Tribeca huko New York. Mbwa anavuka ukanda wa Umoja wa Mataifa unaoigawa Nicosia, mji mkuu, anaingia upande wa kaskazini, na mwenyewe akimfuata anaambiwa sheria hairuhusu mnyama kurudi naye kusini. Ili ampate mbwa wake inabidi ashirikiane na Mturuki anayeishi katika nyumba iliyokuwa ya familia yake kabla ya 1974, mwaka Uturuki ilipovamia na kisiwa kikagawanyika. Mama alicheka mwanzo, mwisho akanyamaza. Ya pili ni Pause ya Tonia Mishiali, pia ya 2018, kuhusu mwanamke wa makamo aitwaye Elpida, jina lenye maana ya tumaini, aliyekwama kwenye ndoa isiyo na upendo. Niliyasoma maelezo yake nikaitaka sana. Nikabonyeza: haipatikani katika eneo lako. Picha yake bado iko pale inanitazama.

Nikadhani basi, Wakupro ni hao tu. Baadaye nikagundua kwamba wapo, ila wametawanywa. Mwongozaji Yannis Economides amezaliwa Limassol, Kupro, lakini yuko rafu ya Ugiriki kwa sababu huko ndiko anakofanyia kazi. Filamu yake ya kwanza ndefu, Spirtokouto ya 2002, yaani kiberiti, ni familia inayopigiana kelele ndani ya nyumba yenye joto la kiangazi huko Korydallos, na hakuna pa kupumulia. Mwongozaji Derviş Zaim amezaliwa Famagusta, Kupro, mwaka 1964, Mkupro wa jamii ya Waturuki, nami nilimkuta rafu ya Uturuki. Mwaka 2004 yeye na Panicos Chrysanthou, Mkupro wa jamii ya Wagiriki, walitengeneza pamoja filamu ya hali halisi iitwayo Parallel Trips kuhusu watu waliopoteza ndugu mwaka 1974 katika pande zote mbili. Huo ulikuwa mwaka mmoja tu tangu vituo vya kuvuka mstari unaokigawa kisiwa vifunguliwe. Watu wawili walivuka mpaka ili wafanye kazi pamoja, na mpangilio wa rafu umewatenganisha tena. Huduma inayojisifu kwa kuheshimu waongozaji haikupaswa kufanya hivyo. Niliwaandikia nikaeleza yote haya, majina na miaka. Nilijibiwa kwa heshima kwamba maoni yangu yamepokelewa. Rafu haijabadilika.

Ukiniuliza nyota, natoa tatu kati ya tano. Mbili nimezipunguza kwa ajili ya Kupro.

Na sababu ya kuendelea kulipa ni Sofia Exarchou, mwongozaji wa Ugiriki. Ametoa filamu mbili ndefu ambazo nimeziona: Park ya 2016, vijana wanaozurura kwenye kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya Athens ya 2004 kilichoachwa kuchakaa, na Animal ya 2023. Dimitra Vlagopoulou yumo katika zote mbili, na kwa Animal alipata tuzo ya uigizaji kwenye tamasha la filamu la Locarno, Uswisi. Humo ni Kalia, kiongozi wa kikundi cha kuburudisha watalii kwenye hoteli ya kisiwani. Kila usiku vipodozi, mavazi ya kumeta, nyimbo zilezile, tabasamu lilelile, na kila alfajiri mwili unauma. Hakuna anayemlazimisha na hakuna anayemtukana. Anachoka tu, msimu hadi msimu.

Mdogo wangu wa kike amefanya kazi ya animesheni, yaani kuburudisha wageni hotelini, huko Kiwengwa, Zanzibar, kwa misimu minne. Anacheza ngoma baada ya chakula cha jioni, mchana anawachezesha wageni mpira ufukweni. Akipiga simu husema yuko salama, kazi ipo. Nilipoona Kalia amekaa chini nyuma ya jukwaa, viatu mkononi, halafu muziki ukaanza na uso ukabadilika, nilizima simu nikampigia. Ilikuwa saa saba usiku. Akapokea akihema, ndio kwanza ametoka jukwaani.

Nimelipia miezi mingine mitatu. Nimeshuka hadi chini ya ukurasa, nimesoma yale maandishi ya kijivu: Animal itakuwepo hadi baada ya Idi. Yeye anakuja Idi.