Miezi minane na rili ya kurushia mbali, ufuo wa Malindi

Navua kwa rodi, yaani fimbo ya kuvulia, ya futi 14 ufuoni Malindi, upande wa kuelekea mlango wa mto Sabaki. Pale hakuna mwamba wa kuzuia bahari. Kusi ikivuma, mawimbi huvunjika mstari nyuma ya mstari, na kolekole hupita kwenye mkondo ulio nyuma ya mstari wa pili. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha uzi, ikianguka kabla ya hapo, chambo chako kinaliwa na kaa.

Rili yangu ya kwanza, yaani kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye rodi, iliandikwa 8000. Muuzaji aliniambia namba kubwa ndiyo hurusha mbali, nami nikaamini. Si kweli. Namba hueleza ukubwa wa rili, na kila kampuni ina hesabu yake: rili za ufuoni za Shimano nyingi ni 14000, za Daiwa ni 45, na hiyo 45 ni milimita za mwendo wa spuli, ile sehemu inayozungushiwa uzi, ikipanda na kushuka.

Kinachorusha mbali ni umbo la spuli. Ile ya kwanza ilikuwa na spuli fupi yenye kina kirefu. Uzi ukishatoka nusu, uliobaki uko chini kabisa, na kila pindi linapanda na kusugua ukingo kabla ya kutoka. Unaiona chubwi inapoteza nguvu ingali hewani. Spuli ya kurushia mbali ni pana na ndefu, mbele imepungua kidogo, na uzi hushuka kidogo sana hata ukitoka mwingi. Ijaze mpaka zibaki milimita 2 hivi kufikia ukingo. Ukizidisha, uzi hutoka kwa mafungu na unapata fundo la kukesha nalo.

Sasa natumia Penn Spinfisher VI, ile ya longcast (ya kurushia mbali), 6500. Siku ya bamvua, maji yamekupwa, nilizipima zote mbili kwenye mchanga mkavu: rodi ileile, chubwi ileile ya gramu 120, uzi uleule wa kusuka wa milimita 0.20. Ya zamani, hatua 96. Hii, hatua 121. Hatua hizo 25 ndizo zilizokuwa zikininyima samaki msimu mzima.

Ni rili nzito, na rodi nyepesi haitaiweza. Lakini mchanga laini wa Sabaki, uliofanya ile ya kwanza isage kama kinu ndani ya miezi mitatu, haujaingia humu. Imezibwa kwa kiwango cha IPX5, maana yake inahimili maji ya kurushiwa, siyo kuzamishwa. Wimbi likikuelemea, inua rodi juu. Nyumbani naikaza breki, naimwagia maji baridi taratibu, kisha naizungusha nikisikiliza kile kigurudumu kidogo kinachopitisha uzi, kwa sababu chumvi huanzia hapo.

Tafadhali, usirushe uzi mwembamba wa kusuka bila uzi mnene mbele. Kwa kila aunsi ya chubwi, uzi huo mnene uwe na nguvu ya kuhimili pauni 10, na uzunguke spuli mara tano au sita kabla ya kurusha. Ukikatika, chubwi inaruka kama risasi, na ufuo ule una watoto. Vaa na glavu ya kidole cha shahada.

Spuli ya pili nimeijaza nailoni ya 0.35, kwa zile siku za mwani mwingi.