Tulienda Animal Kingdom ya Disney na mama: uzoefu wangu

Watu hapa Kisumu wakiskia tulipanda ndege mpaka Florida kuangalia twiga wanatucheka, na wana haki. Nakuru iko hapo tu, unapanda matatu alfajiri mchana uko na vifaru, na hata hapa mjini tuko na Impala Sanctuary kando ya ziwa, unaingia na watoto mnaangalia chui kwa kizimba alafu mnarudi nyumbani kula. Kwa hivyo simwambii mtu auze shamba aende Disney. Naandikia yule ako na ndugu ama mtoto Marekani, mmealikwa, viza imetoka (wakati wetu ilikuwa dola 185 kwa kila mtu na ukinyimwa hairudi), sasa mnajiuliza kama mpeleke mzazi mzee na watoto mahali kama hapo ama mkae tu sebuleni muangalie TV ya huko.

Nendeni. Lakini si kwa sababu zile ziko kwa matangazo.

Kaka yangu ni nesi kule, amekaa miaka mingi, na ndiye alilipa karibu kila kitu. Tulienda likizo ya Agosti, mimi, watoto wangu wawili, na mama. Mama hakuwa na haja na Disney hata kidogo. Yeye alitaka kuona nyumba ya kijana wake, kanisa anaenda, jikoni kuko aje na anakula nini. Alikuwa amejipanga kwenda kupika, si kutembea. Kaka akimwambia kuna mahali tunataka kumpeleka aone wanyama, akauliza, "Wanyama gani? Wa kwetu?" Tukanyamaza, ju ni ukweli ni wa kwetu.

Mambo ya pesa niyamalize haraka. Disney ya Florida ina paki nne kubwa, yaani bustani za burudani, kila moja na mlango wake, ile ya kwanza Magic Kingdom ndio iko na kasri, ilifunguliwa 1971. Animal Kingdom, ile ya wanyama yenye tulienda sisi, ni ya 1998. Tiketi haina bei moja, inapanda na kushuka na tarehe, lakini hata siku za chini mtu mzima anapita dola mia kwa siku moja paki moja. Mtoto hajafika miaka 3 anaingia bure, kutoka 3 mpaka 9 kuna bei ya mtoto ambayo si nafuu ya kukufanya uimbe, akifika 10 kwao ni mtu mzima. Pakingi unalipa pia. Chakula cha ndani ni bei kali lakini wanakubali ubebe chako, mradi si chupa za glasi na si pombe, sisi tulibeba chapati na mayai ya kuchemsha na hakuna mtu alituuliza kitu. Maji usinunue, nenda pale wanauzia chakula uombe kikombe cha maji ya barafu, wanakupa bure. Na usishangae ukikosa mrija wa plastiki kwa soda ya mtoto, ama akikosa baluni, hio paki hawaruhusu kwa sababu mnyama anaweza kumeza.

Joto la Agosti ni lile la Kisumu mchana, ile ya kukushikia nguo mgongoni, alafu alasiri mvua inakuja na radi kama imetumwa. Bebeni koti za mvua kutoka nyumbani.

Mama ana magoti mabaya, kwa hivyo wilchea ilikuwa lazima na yeye alikataa kabisa hapo mlangoni, ati yeye si mgonjwa na atatembea kama watu. Kaka hakubishana, alikodisha akaanza kuisukuma ikiwa tupu, akaweka begi ya chapati juu. Hatukufika mbali. Mama akasema hio chakula itamwagika, acha akae aishike. Na msidhani wilchea inawapitisha mbele, foleni tulipanga na wenzetu vilevile.

Sasa Harambe. Ndani ya paki wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki wakakiita Harambe, na wachoraji wao walienda mpaka Lamu kuangalia majengo ndio wakaja kufanya hio. Kuta zimepasuliwa makusudi, rangi imebanduliwa makusudi, mabango ya Kiswahili yako ukutani, kuna mahali pa aiskrimu panaitwa Tamu Tamu. Watoto walikuwa wanasoma kila bango kwa sauti kama wamelipwa. Mama alikaa akaangalia ukuta mmoja kwa muda alafu akasema hawa watu na pesa yote hii wameshindwa kupiga plasta? Kaka akamweleza kwamba huo ukuta ni mpya, kuna watu walilipwa pesa nzuri kuuzeesha. Mama akasema angejua angewaletea nyumba yake ya Ahero.

Kilimanjaro Safaris ndio kila mtu anaenda kwanza. Ni lori kubwa wazi pembeni, dereva anaendesha huku anaelezea, inachukua kama dakika 20. Ukitoka Nakuru unaweza kudharau, kwa sababu mbuga ya Lake Nakuru ni kilomita mraba 188 na hii yote ni kama hekta 44, yaani shamba la mtu mmoja pale Kitale. Lakini nitakuwa mkweli, nimewahi kuzunguka Lake Nakuru nusu siku bila kuona simba, na hapa kila kitu kimepangwa, mitaro imefichwa kwa nyasi, simba ako juu ya mawe, tembo wako, viboko wako, na twiga alisimama barabarani mbele ya lori akakataa kutoka mpaka dereva akazima injini. Kitinda mimba wangu alimshika dani wake, yaani nyanya yake, mkono kwa nguvu mpaka akaacha alama. Hio sehemu kwa watoto wadogo nawapa alama zote.

Mama naye alikuwa mkaguzi. Tulipita mbuyu mkubwa, watu wote wanapiga picha, akaniinamia akasema huu mti ni wa simiti. Nikamuuliza amejuaje, akasema mti wa ukubwa huo lazima uwe na kitu inatembea juu yake, chungu, mjusi, hata ndege, huo hauna mtu. Kaka akatafuta kwa simu, kweli ni wa kutengenezwa. Alafu tukafika kwa ng'ombe. Wameweka ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe kubwa wa upande wa Uganda, wanatembea hapo na swala, na wazungu wanasimama wanasema wau. Hapo ndio mama alicheka mpaka akatoa kitambaa. "Yawa, nimelipiwa nauli ya ndege kuja kuona ng'ombe!" Mama mmoja mzungu kiti cha mbele akageuka akacheka pia bila kujua anacheka nini.

Shoo ya simba ile ya ukumbini, Festival of the Lion King, ni nzuri, kuna kuimba, sarakasi, mtu anacheza na moto, na wanagawa watazamaji mara nne, simba, tembo, twiga na ngiri, kila upande utoe sauti ya mnyama wake. Sisi tulikaa kwa ngiri. Mama alikataa kulia kama ngiri mbele ya wajukuu. Sitaongeza mengi, iko kivuli na viti, magoti yatapumzika.

Kitu yenye ilifanya niandike haya yote ni ile yenye watu wengi wanaruka. Kuna treni, inaitwa Wildlife Express, inatoka Harambe inazunguka nyuma inakupeleka mahali pa kujifunza mambo ya wanyama. Ukisoma maoni ya wengine watakuambia usipoteze muda, haina kitu, mnakaa mmeangalia upande mmoja na mnachoona ni mabanda ya nyuma pale wanyama wanalala usiku, mabati na ua na milango ya chuma. Ni ukweli. Sisi tulienda kwa sababu mtoto alitaka treni na mvua ilikuwa imeanza.

Hapo stesheni kijana aliyekuwa anapanga watu alikuwa na beji, wafanyakazi wote wa pale wanavaa beji ya jina na kwao ni wapi, na yake ilikuwa imeandikwa Kenya. Mama akasimamisha wilchea na miguu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kenya, mama."

"Kenya nimesoma. Nyumbani."

Akasema Bungoma. Basi, foleni ikasimama. Mama akataka kujua Bungoma gani, wazazi wako aje, alirudi nyumbani lini, na swali lenyewe, umekula? Kijana akasema atakula akitoka zamu. Mama akafungua begi akatoa chapati mbili zimefungwa na karatasi akamwekea mkononi, hapo mbele ya watu wote na koti zao za mvua, na yule kijana, ambaye nadhani kwa sheria za kazi hakupaswa kushika, alizipokea kwa mikono miwili akainama kidogo kama mtoto wa watu. "Asante mama. Ubarikiwe." Hakuna mtu alilalamika kwa foleni. Alitupeleka mwenyewe mpaka behewani.

Treni ikapiga honi ikaanza. Mama akanyamaza kwanza. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, gadi, yule anakaa behewa la mwisho na bendera ya kijani na taa, na tulizaliwa kwa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Kisumu, hio tunaijua. Enyewe bila reli huu mji ungekuwa kitu kingine, ilifika ziwani 1901 wakati bado panaitwa Port Florence. Lakini baba alikufa tukiwa wadogo na mama si mtu wa kusimulia, ukimuuliza juu ya baba anakuambia alikuwa mtu mzuri, kula ugali, ikipoa si nzuri.

Sasa hapo, tukipita mabanda ya vifaru, mama akaanza kuongea tu, hata hatukumuuliza. Ati treni ya kutoka Nakuru ilikuwa ikiingia usiku, na ikipita nyuma ya landhi baba alikuwa anapuliza ile firimbi yake ya kazi mara mbili, fupi fupi, ndio mama ajue aamke aweke maji ya kuoga jikoni. Wake wa wale wengine wakajua. Wakawa wanamtania asubuhi kwa mfereji, leo umepigiwa. Siku akichelewa kupuliza mama alikuwa anaweka maji vilevile akiwa amekasirika. Na alikuwa analeta mkate kutoka Nakuru, si ati Kisumu hakukuwa na mkate, ni vile tu alipenda kuja na kitu.

Mimi niko na umri wangu na sikuwahi kuskia hio maneno. Kaka alikuwa amekaa kando yangu, mwanaume mzima wa kushona watu vidonda, alivua miwani akawa anaipangusa na shati yenye ilikuwa imelowa zaidi ya miwani. Mtoto akauliza dani, firimbi iko wapi? Mama akasema ilirudishwa ofisini na bendera, ilikuwa mali ya serikali.

Kifungua mimba wangu alikuwa anarekodi video wakati huo wote, hakuwa anarekodi dani, alikuwa anatafuta kifaru atokee. Kwa hivyo tuko na video ndefu ya mabati, ua, mabomba ya maji na matope, na nyuma yake sauti ya mama kuanzia mwanzo mpaka mwisho na honi katikati. Tumeitumia kila mtu wa familia. Shangazi yangu wa Siaya aliiskiza akapiga simu akaongeza yake, kwamba hio firimbi hata yeye aliijua.

Juu ya picha nikwambie kitu. Kuna wapiga picha wa Disney wamesimama pale kwa Tree of Life, ule mti wao mkubwa wa kutengenezwa, futi 145, umechongwa wanyama zaidi ya 300 kwa shina, na picha zao unalipia. Lakini ukiwaomba kwa heshima wakupige na simu yako wanakupiga bure. Tuliomba. Mama ametoka amekunja uso kama pasipoti.

Kama mko na vijana wakubwa wa kupenda kasi, iko Expedition Everest, ile gari ya reli ya kupanda mlima na kushuka, urefu wa chini ni sentimita 112, sisi wetu mmoja alifika mwingine hakufika na kilio kilikuwepo, kwa hivyo pimeni watoto nyumbani kabla hamjaahidi. Usiku msingojee fataki, hio paki haina, inafungwa mapema kuliko zingine kwa sababu ya wanyama.

Kwa mzazi mzee nawapa nyota tano, na treni msiruke hata wakiwaambia nini. Kwa watoto, nyota tano. Kwa mfuko wa mwenye kulipa, muulizeni kaka.

Mama saa hii hataki kuskia Florida. Ameambiwa treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilirudi Desemba 2021 na inapita Nakuru, na ameshaamua likizo ya mwisho wa mwaka wajukuu wanapelekwa Lake Nakuru kwa hio, waone vile mnyama anajificha mwenyewe bila mtaro. Kila Jumapili tukitoka kanisa ananiuliza kama nimeulizia tiketi, na anataka behewa la nyuma kabisa.